Theluji ya Upande wa Mbele

Jumatatu, 2 Desemba

Theluji imelala juu ya paa la mdogo wangu Tauno, nene, nyeupe, haijaguswa. Paa langu, ng'ambo ya barabara, limebaki vigae vitupu na vijiti vya barafu vinavyoning'inia. Tauno akavuka na kikombe chake cha kahawa kunieleza nisichomuuliza. Eti joto la hita yangu linapenya darini, linatokea paani na kuyeyusha theluji. Eti napasha joto anga la mji mzima wa Hancock. Tangu atandaze pamba mpya ya kuzuia baridi darini kwake, anatembea kama mtu aliyegundua moto.

Mke wangu Lempi alisikia yote. Amevaa koti, humo humo ndani ya nyumba. Akakumbusha kwamba binti yetu Saima anakuja Krismasi na mtoto mchanga, mjukuu wetu wa kwanza. Chumba cha nyuma kikiwa baridi kama mwaka jana, watalala kwa Tauno.

Mjukuu wangu alale kwa Tauno! Mtu ambaye hajawahi kulea hata paka.

Nitanunua pamba.

Jumanne, 3 Desemba

Tauno kaniletea futi yake ya kupimia. Nimemrudishia. Nimeuza nyama maisha yangu yote. Namtazama ng'ombe akitembea nakutajia kilo zake. Nyumba hata haitembei, itanishinda nini?

Nimeizunguka kwa hatua. Theluji ilinifika magotini, hatua zikawa fupi, nikafidia. Kisha kwenye hesabu nikaondoa bomba la moshi. Nikaondoa mbao za dari, maana mbao hazisikii baridi. Nikaondoa na sehemu iliyo juu ya kabati la Lempi, ambalo lina masweta ya kutosha. Jibu: mifuko kumi na minne.

Lempi akauliza kama nimepanda darini kuangalia. Kupanda darini! Ng'ombe nilikuwa nawakadiria bila kuingia tumboni.

Alhamisi, 5 Desemba

Duka la vifaa vya ujenzi. Kila mfuko wa pamba umechapwa jedwali: ukubwa wa dari, unene unaotaka, idadi ya mifuko. Kwa nyumba yangu linadai zaidi ya mara tatu ya hesabu yangu. Lazima lidai. Limeandikwa na nani? Na mwenye mifuko. Mimi nami sikuwahi kumshauri mteja anunue nyama kidogo.

Binti wa dukani akauliza nataka unene gani. Nikamwambia wa kiasi. Akauliza kiasi gani. Vijana wa siku hizi hawajui kiasi ni nini.

Mashine ya kupulizia pamba wanaiazimisha bure ukichukua mifuko ishirini. Nimechukua ishirini, shingo upande. Sita ya ziada nitamuuzia Tauno.

Jumamosi, 7 Desemba

Lempi chini gereji, anararua mifuko na kumimina pamba kwenye mashine. Mimi darini, nimeshika bomba kama zimamoto.

Dari ni kubwa kuliko nyumba. Sijui fundi alifanyaje.

Mifuko ilipofika nusu nilikuwa sijatoka kwenye kona ya kwanza. Mtu mwingine angeshuka akarudi dukani, yule binti amcheke. Mimi nilikaa juu ya boriti nikafikiri. Nani anayetazama paa langu? Tauno. Anatazama kutoka wapi? Dirishani kwake. Anaona upande gani? Wa mbele. Basi pamba yote iende mbele! Hapo ndipo mwenye akili anapoachana na mwenye futi.

Niliposhuka, Lempi, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, akauliza kama chumba cha nyuma kimepata. Nikamjibu kwamba nyumba ni moja.

Jumatano, 11 Desemba

Theluji imeanguka. Upande wa mbele imekaa!

Tauno alisimama barabarani akaitazama kwa muda. "Kaka," akasema, "kumbe unaweza." Nikamwambia ni jicho tu. Akataka kujua idadi ya mifuko. Nikamtajia. Akapiga hesabu midomo ikimchezacheza, akasema haiwezi kutosha. Wivu mtupu. Akataka kuzunguka nyuma ya nyumba akaone, nikamvuta ndani kwa mkate wa iliki.

Jumamosi, 21 Desemba

Wamefika. Mtoto anaitwa Inkeri. Amefanana na mimi, hasa anapomtazama Tauno.

Saima ameuliza kwa nini sebuleni kuna joto kama sauna na chumba cha nyuma pumzi inatoka kama moshi. Nikamweleza kuwa hewa ya ubaridi inakuza mapafu. Hakuonekana kuridhika. Nimepandisha hita hadi mwisho.

Jumapili, 22 Desemba

Joto lote la hita lilipandia upande wa nyuma. Theluji ya huko ikayeyuka, maji yakateremka hadi ukingoni mwa paa, yakaganda, yakawa ukuta. Yaliyofuata yakakosa njia, yakarudi ndani kupitia dari. Tone la kwanza lilitua kwenye paji la uso la Inkeri. Yowe lake lilifika kwa Tauno, naye akaja mbio na ngazi.

Alipanda darini. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kaka, huku nyuma hakuna kitu."

Lempi alikuwa anamfuta mtoto uso. Hakupaza sauti. "Baba Saima, nilimeza vumbi lile siku nzima ili mtoto huyu alale penye joto. Wewe ulikuwa unampambia Tauno paa."

Nikamwambia ni kosa la theluji, lakini tayari alikuwa anavaa buti. Wote wamevuka barabara. Lempi kaondoka na mto wake.

Nimekula nyama baridi peke yangu, sebuleni, katika joto zuri sana. Dirishani kwa Tauno namwona Lempi akipita na mtoto begani, anarudi, anapita tena. Nimefunga pazia. Nimelifungua.

Jumanne, 24 Desemba

Tauno amekuja asubuhi na futi, kalamu sikioni na gari lililojaa mifuko. Amepima kila kitu mara mbili, kama fundi cherehani. Tumepuliza pamba upande wa nyuma hadi mchana, yeye akiwa na bomba, mimi nikilisha mashine. Vumbi lile ni baya kweli. Nilimwambia Lempi hivyo, kwa sauti ya kuomba radhi. Akaniangalia kidogo, kisha akaniwekea mtoto mikononi. Wanarudi nyumbani kwetu kesho.

Inkeri amelala kifuani kwangu huku naandika, kwa mkono mmoja.

Jambo moja lakini lazima niliandike, kwa ajili ya haki. Pamoja na futi yake na jedwali lake, Tauno amebakiza mifuko mitatu. Mitatu mizima, imekaa gereji, haina kazi! Mimi sikubakiza hata konzi moja. Sasa hapo nani aliyepima vizuri?