Injini ya Mzee Msengi Imenizimikia Katikati ya Ziwa

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya watu, na suruali imelowa. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kufika jioni habari itakuwa imeshazunguka Iramba yote.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga na pampu za maji. Nimezaliwa Itigi, kwenye reli, ambako maji mengi tuliyoyazoea ni ya kwenye ndoo. (Kuogelea sijui. Likumbukeni hilo.) Huku karibu na Ziwa Kitangiri nimehamia mwaka jana kufuata kazi. Kazi ipo. Watu wa kukaa nao ndio hakuna. Nikishafunga karakana jioni ni mimi na redio, na redio yenyewe inashika stesheni moja.

Isipokuwa Mzee Msengi. Huyu aliniletea injini ya boti iliyokufa, alikuwa ameitupa kwenye banda la mbuzi. Nikaifungua yote. Silinda nikachongesha, pistoni mpya, ringi mpya, gasketi nimekata kwa mkono wangu. Basi kila jioni Mzee anapita "kumwona mgonjwa". Anakaa kwenye tairi bovu, namchemshia chai, ananisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina. Nilikuwa naisubiri saa hiyo kuliko chakula.

Juzi injini ikawaka! Niliitumbukiza kwenye pipa la maji, mafuta nikayaning'iniza juu kwenye kidumu kilicho wazi, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakahama. Leo asubuhi, tukiwa ukingoni mwa ziwa, Mzee akaniambia, "Ikipona leo, fundi, na mimi nipumzike. Hii njia ya kwako imenimaliza magoti." Nikacheka. Moyoni nilinyong'onyea, siwafichi.

Tukafunga injini kwenye boti, tukaunganisha tangi lake jekundu. Mzee akanipa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. "Chukua hii."

"Mzee, injini hii nimeiunda upya mwenyewe. Pondo ya nini?" (Sikieni majivuno hayo.)

Akabaki ukingoni kunitazama, pamoja na akina mama wanaosubiri samaki.

Nikavuta kamba mara moja. Ikaitika! Nikakata maji, napunga mkono kama mheshimiwa kwenye msafara. Nikaenda, nikaenda, mpaka watu wakawa wadogo. Mara injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kimya.

Nikavuta kamba. Ikawaka kidogo, ikafa. Nikafungua plagi: kavu. Maana yake mafuta hayafiki. Niliona tangi limebonyea ubavuni, nikasema ni jua hilo. (Fundi mzima!) Nikaamua kwamba kabureta imeziba. Nikaifungua palepale, boti inayumba, nikachomoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia mafuta. Nikaipuliza. Safi kabisa, haina hata punje ya uchafu. Ikaniponyoka. Chubwi!

Kwa hasira nikakamata mfuniko wa tangi, nikaufungua. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, na ubavu ukarudi mahali pake. Nikaelewa yote kwa pamoja. Mfuniko ule una skrubu ya kupitisha hewa, na mimi sikuilegeza. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Kwenye pipa nilitumia kidumu kilicho wazi, kwa hiyo tangi sikulijaribu hata mara moja. Injini ilikuwa nzima! Mgonjwa nimemuua mimi, nimempasua wakati alikuwa na njaa tu.

Nikavua shati, nikapunga. Mzee naye akavua kofia, akanipungia. Nikapunga mikono miwili. Akanipungia miwili. (Alidhani nina furaha.) Kisha akakaa chini.

Nikatoa simu. Mzee ya kwake huiacha nyumbani, anaogopa isije ikaloa. Nikashuka kwenye majina: Kinu Mtinko. Pampu Mwankoko. Trekta Mungaa. Jamani, simu nzima ni mashine! Nikampigia Kinu Mtinko.

"Fundi! Afadhali umepiga. Mkanda umekatika tena, unakuja lini?"

"Kaka, nimekwama katikati ya ziwa. Nakufa huku."

"Duh, pole sana. Ukitoka hapo pitia basi."

Akakata. Hapo ndipo upweke uliponikaba. Nikayatazama yale maji, rangi ya chai ya maziwa, chini hakuonekani. Nikawaza kwamba nikizama leo, atakayenitafuta ni mwenye mkanda uliokatika. Nikamrekodia dada yangu wa Itigi ujumbe wa kuaga. Nikamrithisha redio. Nikalia kidogo. Nikatuma.

Niliposhusha simu nikamwona Mzee Msengi anakuja. Kwa miguu. Ndani ya ziwa! Suruali kaiweka kichwani, fimbo mkononi, wala hana haraka.

"Shikamoo Mzee!" nikapiga kelele. (Nilishamwamkia asubuhi.)

"Marahaba. Sasa fundi, mbona umekaa?"

"Injini imezima!"

"Hilo nimesikia. Nauliza mbona umekaa humo. Si ushuke?"

"Mzee, mimi sijui kuogelea!"

Akayatazama maji, yamemfika kiunoni. Akanitazama mimi, ambaye nimemzidi urefu kwa kichwa kizima. "Nani kakwambia uogelee?"

Nikashuka. Maji yakanifika mapajani. Kule ukingoni akina mama walishikana wasianguke kwa kicheko. Na simu nayo ikaita: dada, analia, ameshakusanya majirani. Nikamwambia nimeokoka. "Umeokokaje?" Ikabidi niseme ukweli: "Nimesimama."

Tukaivuta boti, Mzee mbele na kamba, mimi nyuma nasukuma. Nikamweleza yote, skrubu na jeti. Nilitegemea atanigombeza. Alicheka mpaka suruali ikamdondoka kichwani, tukaanza kuitafuta majini. Tulipoipata akaikamua, akauliza, "Hiyo jeti inapatikana wapi?"

"Mpaka iagizwe Mwanza, Mzee. Inaweza kuchelewa."

Akaitupia suruali begani, akaishika tena kamba ya boti. Nikajua sasa anaondoka na injini yake.

"Haya," akasema. "Basi jioni nitapita kumwona mgonjwa."

Chai nimeshaibandika. Nanyi chekeni tu, ruhusa mnayo. Ila kama kuna mwenye jeti ya injini ya namna hiyo, namwomba sana asiwe na haraka ya kuituma.