Q, Z na Cherehani ya Lidwina

Jumatatu, 5 Julai 1993
Siku njema! Daudi, yule mfanyabiashara aliyefungua duka jipya hapa Mfaranyaki, ametangaza shindano. Atakayeleta maneno mengi zaidi ya Kiingereza yenye Q na Z ndani ya neno moja atapewa cherehani. Mpya! Ya miguu! Mwisho ni Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa. Mke wangu Lidwina anashonea cherehani ya kukodi kwenye baraza ya watu, na mwenye baraza anamnunia kila siku. Nimemwahidi kuwa ni yetu. Akacheka, akaendelea kuchambua maharage. Hajanijua bado.

Jumanne, 6 Julai
Mimi nauza mitumba. Nani Songea ana Kiingereza kingi kuliko mimi? Kimeandikwa kifuani mwa kila fulana! Nimepekua robota zima. Nimepata "quality", haina Z. Nimepata "size", haina Q. Nikamwomba Daudi azihesabu kama neno moja, kwa kuwa zilikuwa kwenye shati moja. Kakataa. Roho ngumu.

Alhamisi, 8 Julai
Kamusi ya Kiingereza hapa mtaani ni moja tu, ya Mzee Egidi, katekista mstaafu. Nimempa shikamoo mbili, akaniazima. Sharti: kesho nimkabidhi Mwalimu Osmund. Osmund! Mhehe aliyehamishiwa hapa kutoka Iringa ili anisumbue mimi. Sisi Wangoni na wao ni watani, basi kila akipita kwenye meza yangu anajaribu makoti na kudai ni ya babu yake, eti tulimpora vitani. Kamusi haipati. Ng'o!

Ijumaa, 9 Julai
Osmund kabisha hodi asubuhi. Nikatoka nimejifunga shuka, nimekunja uso, nikamwambia nimefiwa na baba mdogo Otto, anayelima kule Mbesa. Nyumba yenye msiba haitoi kitu nje. Kanipa pole, kaondoka. Mbesa ni mbali, nani atajua? Akili hizi! Nimejilaza na kamusi. Nimeanza na A.

Jioni. Balaa! Nilisahau kwamba mfiwa hapa haachwi peke yake. Majirani wamejaa uani, wameleta unga, kuni na maharage. Lidwina katoka kushona, kakuta watu wanalia, akalia kuliko wote, maana baba mdogo ndiye aliyetupa mbuzi siku ya harusi. Ningemwambiaje mbele za watu? Nikalia pia. Machozi yangu yalikuwa ya kweli kabisa.

Jumamosi, 10 Julai
Nilisahau na hili: msiba haunogi bila mtani. Osmund kaja amevaa koti langu, kaligeuza nje ndani, anakohoa kizee na kudai uji wa marehemu. Watu wamecheka mpaka wamesahau kulia. Kisha kauvuta mkeka niliokalia. Kamusi hiyo! Kaiinua juu, kasema marehemu kamrithisha yeye. Kitu alichochukua mtani msibani hakidaiwi kwa ugomvi, kinakombolewa. Kataka jogoo. Nimempa. Kasema ataleta kamusi akishiba. Nilikuwa nimefika C.

Jumamosi, 17 Julai
Leo ndiyo ameshiba, kairudisha kamusi. Eti yeye alianzia Q. Huo si utafutaji, ni ujanja mtupu!

Nikiwa bado nafoka, lori la mpunga likasimama, akashuka baba mdogo Otto. Mzima! Lidwina alikuwa amempa dereva rambirambi azifikishe Mbesa, na marehemu mwenyewe ndiye aliyezipokea. Kaja kuona nani kamlilia zaidi. Alipoambiwa ni Lidwina, kafurahi sana, kala ugali wa unga wa msiba wake na kuusifu. Lidwina kanitupia mkeka nje, na baridi hii ya Julai. Nimeumia. Alilia kweli, na bado cherehani hana.

Jumapili, 18 Julai
Osmund kashinda. Mimi nilipeleka "quiz" peke yake, na Daudi kasema hilo alilitoa yeye kama mfano.

Alasiri, hodi. Osmund, cherehani kichwani! Kasema amekula jogoo wa msiba wa mtu aliye hai, na mtani akila vya bure hivyo lazima arudishe kitu, la sivyo tumbo litamsumbua. Kaitua mbele ya Lidwina, si mbele yangu, na kalirudia hilo mara kadhaa. Sharti lake ni suruali zake zishonwe bure mpaka atakapohamishwa. Lidwina kapiga kigelegele. Baba mdogo kamshikia kitambaa. Mimi nimerudishwa ndani. Nina furaha jamani!

Jumatatu, 19 Julai
Cherehani inalia tangu asubuhi, na Lidwina anaimba. Nimekaa nikafikiri. Cherehani imeletwa na Osmund. Osmund kaipata kwa kamusi. Kamusi kaipata msibani. Na msiba niliuleta nani? Mimi! Kwa hiyo nimeshinda.

Mchana Daudi katangaza shindano jingine: maneno yenye J na X. Zawadi ni baiskeli! Mzee Egidi kasema safari hii kamusi inaanzia kwa Osmund. Baba mdogo ameshakufa, hawezi kurudia. Lakini nina shangazi kule Madaba, na nasikia wiki hii anakohoa.