Kiti Moto cha Ijumaa, Kabla Jua Halijazama

Leo nimeaibika katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Na hata pasipoti sina.

Iko hivi. Dada yangu mdogo, Nekesa, anaolewa na Yohana, Mpare wa Same, Tanzania. Sisi ni Waluhya wa Jericho, Nairobi. Sherehe ni mbili: ya kwanza hapa kwetu mtaani, ya pili kanisani kwao Same, wiki moja baadaye. Wazee wa Yohana walikuwa wamekubali shingo upande, maana wamesikia mengi kuhusu wasichana wa Nairobi. Simu ya video ya leo mchana ndiyo ilikuwa ya kuwatuliza na kupanga ratiba. Ikienda vibaya, hakuna harusi.

Nani aongee kwa niaba ya familia? Mimi! Kazi yangu ni kuchomelea mageti Kariobangi, lakini shuleni Kiswahili nilipata A (nimewaambia watu hili mara nyingi kuliko inavyohitajika). Nikatoa amri nyumbani: "Watanzania wanajua lugha. Kila mtu anyamaze. Mama, hasa wewe." Mama akaniangalia, akaendelea kuchambua mchele wake.

Saa nane simu ikaita. Tukaiegemeza kwenye chupa ya chai. Upande wa pili walikuwa wamejipanga watu wanane, suti na vitenge, na katikati yao Mzee Elifuraha, baba mkubwa wa Yohana, mzee wa kanisa la Wasabato.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba, kijana. Poleni na majukumu."

Nikashusha Kiswahili! Nilisema "taadhima". Nilisema "aila". (Nekesa alikuwa anatabasamu, maskini.) Nikawapangia: mtafika Alhamisi, tutawapokea, mtapumzika. Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Kisha nikafika Ijumaa.

"Ijumaa asubuhi, mzee, bwana harusi tutampa kiti moto."

Kimya. Nikadhani ni mtandao. Nikaongeza sauti.

"KITI MOTO! Ndiyo desturi yetu. Shangazi zangu ndio wataalamu. Hakuna kijana aliyeoa kwetu bila kuonja kiti moto chao."

Hapa Kenya, kumpa mtu kiti moto ni kumkalisha na kumhoji mpaka atoe jasho. Unafanya kazi gani? Unakunywa pombe? Una mtoto mahali? Hiyo tu ndiyo niliyomaanisha. Naapa.

Mzee akavua miwani. "Kijana, unafahamu kwamba sisi ni Wasabato?"

"Nafahamu sana, mzee! Ndiyo maana tumeweka Ijumaa. Jua likizama, kiti moto kimeisha. Sabato yenu haitaguswa." (Hapo nilijiona balozi kabisa.)

Mama mmoja nyuma yake akasema, "Yesu wangu!"

"Mchungaji wetu pia anakuja," mzee akasema polepole.

"Karibuni naye! Mchungaji tutampa kidogo. Kiti moto hakina cheo."

Simu ikakatika.

"Mtandao wa huko ni taabu," nikawaambia watu wa nyumbani. "Lakini mmesikia Kiswahili?"

Dakika tano hazikuisha, Yohana akampigia Nekesa. Sote tulimsikia, alikuwa anapiga kelele.

"Kaka yako ana nini na sisi? Wazee wamesimama wote, wanasema harusi hakuna! Eti mnataka kumlisha mchungaji kitimoto!"

"Kwani kitimoto ni nini?" Nekesa akauliza.

"Nguruwe! Huku kwetu kitimoto ni nyama ya nguruwe, na Wasabato hatuigusi!"

Nikakaa. Nikaanza kurudia kichwani kila nilichosema. Kuonja. Kidogo. Mchungaji naye. Jamani!

"Brathe, umenimaliza," Nekesa akasema. "Miaka tatu nimetuliza hawa wazee, na we unaharibu na dakika kumi?" Kisha akaanza kulia, kilio cha kweli, na mimi nikaogopa. Nilitamani nijichomelee mdomo.

"Lete hiyo simu," Mama akasema.

"Mama, ngoja kwanza nikutafutie maneno ya..."

"Nyamaza."

Akampigia Mama Yohana. Picha ikafunguka. Wazee walikuwa bado wamesimama, wengine wameshika kofia.

"Mama Yohana, skiza. Hii kijana yangu alikuwa anasema kiti ya kukaliwa. Ya makalio. Si ya kukula! Mtu anakaa, anaulizwa maswali, anaenda. Na sisi ni Waluhya, mgeni kwetu anapikiwa kuku. Kuku ziko, nguruwe tutaitolea wapi?"

Nikafumba macho. Halafu nikasikia mtu anacheka kule Same. Ni Mzee Elifuraha, amejikunja, anajifuta machozi kwa tai. Wengine wakafuata. Mmoja mmoja wakarudi kwenye viti vyao, na Mama akapanga nao ratiba yote mpaka Jumapili. Hakuna aliyemsahihisha neno. Nekesa alikuwa amemshika mkono muda wote.

"Mama, tunakuja," mzee akasema mwishoni. "Ila yule kijana wako, siku hiyo asishike kipaza sauti."

"Hata ya kuombea chakula hatapewa," Mama akajibu.

Jioni hii binamu za Yohana wameniingiza kwenye kundi la harusi. Wamenipokea kwa upendo mkubwa: "Karibu, Shemeji Kitimoto." Wapo arobaini na kitu, na kila mmoja amesalimia.

Nyinyi ni marafiki zangu, chekeni mmalize. Ila nawaomba, habari hizi zisifike Kariobangi. Huko bado naitwa Fundi.