Ubao wa Bei Dukani kwa Nazarali

Kwa sanduku la posta la duka la Nazarali Remtulla,
Mtoni, Dar es Salaam.
7 Machi 1953

Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, maana utaihitaji.

"Duka lenye bei moja ni duka lenye adabu. Humo mtoto na mzee hulipa sawa, wala hakuna anayepoteza muda." Hayo aliyaandika Mwalimu Kornelio wa Temeke katika gazeti lako la wiki jana, akilisifu duka la Bwana Nazarali hapa kwetu Mtoni. Duka hilo, tangu Mwaka Mpya, limetundika ubao mweusi wenye bei ya kila kitu kwa chaki, na chini kabisa yameandikwa maneno mawili: HAKUNA KUPUNGUZA. Nimemsoma Mwalimu mara nne. Katika sentensi zake zote mbili sikuona neno la kweli isipokuwa "duka".

Mimi ni mchonga vinu na miiko, na ni mnunuzi wa Bwana Nazarali kwa miaka kumi na minne. Najua ubao ule si wazo lake. Ni wazo la mpwa wake, Mohamedjaffer, aliyerudi kutoka masomoni Bombay na elimu ya biashara. Kijana anasema bei ikijulikana, wanunuzi huja wengi na kuondoka upesi. Kuja, sawa. Lakini nani alisema tunataka kuondoka?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani kununua ratili moja ya sukari kulinichukua tangu saa tatu hadi karibu na adhuhuri. Bwana Nazarali alitaja bei ya kutisha, nami nikataja bei ya kumtusi. Yeye aliapa kwamba nataka kumfilisi, mie nikaapa kwamba sukari yake ina mchanga. Nilitoka, akaniita, nikarudi. Sasa nasoma ubao, naweka senti, napewa sukari, na bado ni saa tatu na dakika mbili. Nikirudi nyumbani, mke wangu Tekla hushtuka, kwa kuwa mwanamume aonekanaye nyumbani saa hizo ama ni mgonjwa ama amefukuzwa. Mara mbili amenichemshia mwarobaini, na mara mbili nimeunywa wote.

2. Mwaka 1946, asubuhi moja, nilitaja bei yangu ya kwanza, ile ya matusi, na Bwana Nazarali akasema, "Haya, chukua." Nikaiacha sukari juu ya meza. Nikamwuliza, "Nani amekufa?" Akasema ni mama yake, kule Kachchh, India, barua ilikuwa imefika jana yake. Tukakaa. Mke wake, Sakinabai, alinikuta nimekaa ndani ya duka, kwenye gunia la mchele, nikiwa mtu wa kwanza wa Mtoni kumpa pole. Sasa namwuliza Mwalimu Kornelio: siku Bwana Nazarali atakapofiwa tena, ubao utaandika nini? Utaandika sukari senti thelathini na tano, kama jana.

4. Mwalimu anauita usawa. Mie nauita uporaji. Bei yangu ya kaniki niliijenga kwa miaka kumi na minne, senti kwa senti, kama mtu ajengavyo nyumba, kwa mvua na kwa jua. Leo anashuka mgeni kutoka Manzese, hajui hata jina la mwenye duka, anapewa bei ile ile yangu. Mwalimu mwenyewe hawezi kupatana hata bei ya yai. Wauza mayai wa Temeke humgombania. Ndiyo sababu anaupenda ubao. Kiwete akisifu sheria ya kukataza mbio, tusimwite mpenda haki.

7. Ugonjwa huu unaambukiza. Mwezi jana walikuja watu kumposa binti yangu Adelina. Mshenga akauliza mahari. Nikataja kiasi cha kufungulia mazungumzo, kama desturi. Mshenga, ambaye naye hununua kwa Nazarali, akauliza, "Hiyo ni ya ubaoni?" Nami kwa mazoea mabaya ya miezi miwili nikajibu ndiyo. Wakaitoa yote. Shughuli ambayo kwa baba yangu ilichukua misimu miwili ya mavuno na ugomvi mzuri wa wajomba ilikwisha kabla chai haijapoa. Hatukutukanana, hatukupatana, hatujuani. Nina wakwe, Bwana Mhariri, na sijui majina yao. Tekla hajaongea nami tangu siku ile, isipokuwa juu ya mwarobaini.

9. Watasema bei moja ni maendeleo. Basi tuangalie kitu ambacho tangu zamani kina bei moja isiyopunguzwa: kodi ya kichwa. Nimesimama katika mstari wa kodi miaka mingi na sijapata kuona mtu akicheka humo, wala karani akimfuata mtu barabarani na kumwambia, "Rudi, ndugu, tuzungumze." Je, Mwalimu anataka Mtoni nzima iwe ofisi ya kodi yenye harufu ya karafuu?

11. La mwisho linahusu Mbingu. Mie huomba mvua ya wiki nzima, hupewa ya siku mbili, nami hushukuru. Hayo ni mapatano. Kama Mwenyezi Mungu hajatundika ubao, Mohamedjaffer ni nani?

Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia gazeti lako, itunge sheria fupi. Kila kitu dukani kiwe na bei zisizopungua tatu: ya kutisha, ya kupatana na ya kweli, na hiyo ya tatu asiijue mtu kabla ya saa nne. Na mnunuzi akitoka kwa hasira, muuzaji alazimike kumwita kabla hajafika Barabara ya Kilwa. Asiyeita, afungwe.

Nanyi wasomaji wa Mtoni, Temeke na hata Msasani: Jumamosi ijayo nendeni dukani kwa Nazarali, tajeni nusu ya bei ya ubaoni, msimame pale pale mpaka mtu awajibu.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, na mkeo, na watoto, na yule bwana anayefupisha barua zangu, mwambie namfahamu.

Ni mimi, mwenye uchungu,
Kasimiri Chilumba, mchonga vinu.

N.B. Utaona baadhi ya namba hazipo. Barua zangu hupitia sanduku la Bwana Nazarali, kwa kuwa sina langu, basi niliipeleka dukani ili iondoke na posta. Akaisoma. Akasema, "Kasimiri, malalamiko kumi na moja? Mie ni Gavana?" Akanipa mawili. Nikasema kumi na moja. Akapanda hadi matatu, nikaikunja barua nikatoka, naye akaniita kabla sijafika barabarani. Sakinabai akaleta chai. Mohamedjaffer alitazama saa yake mara nyingi, mwishowe akaenda kupanga sabuni. Adhuhuri tukakubaliana matano. Nilipokuwa nikikata mengine kwa kalamu, nikamwuliza kama namba mbili nayo niitoe. Akaisoma tena, kisha akasema, "Hiyo iache. Hiyo usiihesabu."

Stempu ilikuwa na bei yake usoni. Tuliitazama wote wawili, tukalipa. Sukari nilinunua kwa bei ya ubaoni, sikukumbuka kuuliza.

Wasomaji, ile Jumamosi msije, mtatubana. Wewe Mwalimu Kornelio ndiye ninayekutaka: andika jibu lenye hoja zisizopungua ishirini, ulipitishe katika sanduku hili hili, na ulilete mwenyewe saa tatu kamili. Tutakuwapo.