Kanda Iliyoshinda Huzuni

Umma unaarifiwa kwamba katika mwaka uliopita Kanda ya Ohio Kusini iliongoza nchi nzima kwa kupunguza huzuni miongoni mwa wanajeshi wastaafu. Mafanikio haya yalipatikana bila kumtibu mtu yeyote. Yalipatikana kwa kukataa rufaa. Askari akiomba matibabu na fidia, akidai kwamba vita vimemwachia sonona, ule ugonjwa wa huzuni, nasi tukaamua kwamba hana, basi kitakwimu hana, na kanda imeongeza mtu mmoja mwenye furaha. Mimi nilikuwa Katibu wa Baraza la Rufaa za Huzuni, na maamuzi yote niliyaandika mwenyewe, kwa hiyo najua ninachosema.

Mwenyekiti wetu alikuwa Kapteni mstaafu Thurman Bickel, mtu wa suti iliyonyooka na sauti isiyohitaji kipaza. Yeye ndiye aliyetuletea kanuni ya ndevu. Delmar Stuckey, fundi wa mapaa aliyewahi kupelekwa Iraki, alipokuja mara ya kwanza alikuwa amenyoa. Tukaandika: mwenye sonona ya kweli hana nguvu za kushika wembe, ombi limekataliwa. Akakata rufaa, akaja na ndevu. Tukaandika: mrufani amejitayarisha ili aonekane mgonjwa; rufaa imekataliwa.

Mara ya tatu alikuja na dada yake, Lorene, mpishi wa shule, mwanamke mwenye mabega ya kubebea masufuria na mdomo usiojua vyeo. Delmar alikaa akiangalia sakafu. Lorene alibaki amesimama.

"Samahani, baba," alimwambia Mwenyekiti, "safari ijayo nimlete amenyoa upande mmoja?"

Mwenyekiti alilipokea pendekezo hilo kwa uzito unaostahili, akaagiza liundiwe kamati ndogo.

"Tuendelee. Bi Stuckey, mdogo wako analala?"

"Alale wapi! Anakaa gereji ndani ya gari, gari lenyewe limezimwa, mpaka kunakucha. Kazi ameacha tangu kiangazi. Bunduki zake za kuwindia nimezipeleka kwa mchungaji, na mchungaji nimemwambia, hata akikulilia, usimpe."

"Kwa hiyo ana gari na gereji," Mwenyekiti alisema huku akinitazama. Nikaandika: makazi ya mrufani yanaridhisha.

Lorene akanigeukia. "We, unaandika nini hapo?"

"Kumbukumbu za kikao, mama."

"Basi andika kwamba naogopa siku moja nitafungua hiyo gereji nimkute amekufa. Umeandika?"

Nilimweleza kwa upole kwamba hofu ya ndugu haikutengewa nafasi kwenye utaratibu wetu.

Mwenyekiti alimgeukia mrufani. "Bwana Stuckey, uliwahi kupigwa risasi?"

"Hapana."

"Ulilipukiwa na bomu?"

"Hapana."

"Sasa hiyo huzuni uliitoa wapi?"

Mwenyekiti akatazama saa yake.

"Nilikuwa naosha vitu," alisema hatimaye.

"Vitu gani?"

"Vya waliokufa. Kabla havijarudishwa kwa mama zao na wake zao. Pete, saa, miwani. Kazi ngumu ilikuwa picha za watoto wao. Unasugua kwa pamba, damu inatoka, ila ukizidisha kidogo tu, na uso wa mtoto nao unatoka. Kuna moja niliifuta yote. Alikuwa mtoto wa kike, nadhani. Nikaitia kwenye bahasha hivyo hivyo, nyeupe."

Lorene akakaa. Ilionekana kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia habari ya picha hiyo.

"Kwa maneno mengine," Mwenyekiti alisema, "ulikuwa idara ya usafi. Bwana Stuckey, mimi nami nilikuwa upande huo. Bohari kuu, Kuwait. Kila kilichokwenda mbele kilipita kwa saini yangu: maji, mahema, matairi. Na nimekaa hapa mbele yako, sina huzuni hata chembe."

Delmar aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Hata mifuko?"

"Mifuko gani?"

"Ya maiti, Kapteni. Ilikuwa inatoka kwako. Ulikuwa unajuaje ulete mingapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Nilikuwa nakadiria," Mwenyekiti alisema. "Lazima uagize mapema. Nilikuwa nakaa kwenye bwalo la chakula na kalamu yangu, nakadiria." Akaiweka kalamu yake mezani. "Wenyewe walikuwa pale pale. Walikuwa bado wanakula."

Kilichofuata hakikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti alivua koti, akalikunja vizuri, akarusha jagi la maji kwenye bendera ya jimbo, akatoka kwa mlango wa dharura. Akaingia kwenye gari la serikali na kulipeleka moja kwa moja ndani ya duka la donati la ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeumia. Mwenye duka alimkuta amekumbatia usukani, analia, akamletea kahawa.

Sasa serikali ikawa na tatizo. Mwanasheria wa makao makuu alifafanua kwa simu kwamba ofisa anayevunja duka kwa gari la umma ni mhalifu, isipokuwa kama ni mgonjwa. Kwa hiyo akawa mgonjwa. Baraza lilikutana mchana ule ule, na kabla ya saa za kazi kuisha Kapteni Bickel alikuwa ameshapewa sonona kamili, iliyotokana na utumishi, bila daktari wala shahidi. Uamuzi niliuandika mimi, na ulikuwa mzuri. Ili asibaki na mwanya wa kushtakiwa, niliweka kwamba yeyote aliyeagiza, kusafisha au kubeba vitu vya marehemu vitani anahesabiwa kuwa aliumia moyoni, na neno lake mwenyewe linatosha. Makao makuu waliniambia, "Safi sana."

Jambo dogo lilisahaulika. Maamuzi ya Baraza hubandikwa ukutani, na kisheria hulifunga Baraza lenyewe.

Jumatatu Lorene alikuwa dirishani kwangu.

"Nataka kama ile," alisema, akinyooshea ukuta kidole.

"Ipi, mama?"

"Ya kapteni. Nikatie na ya Delmar."

Nilichungulia nyuma yake. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikapita maegesho, ikakunja kona: madereva, wauguzi, wapishi, wabeba machela, wote wananyoosha vidole ukutani.

Niliwaarifu makao makuu, nao wakatafakari. Tukiufuta uamuzi, Kapteni anakwenda mahakamani, na huko watu wangeanza kuuliza nani alimpa kiti. Tukiuacha, tunawakubali wote. Walichagua kujiokoa. Tuliwakubali wote. Kanda ikaporomoka kutoka nafasi ya kwanza kwa furaha hadi ya mwisho kabisa, na kwa kuwa hakubaki mtu wa kumkataa, Baraza lilivunjwa. Jengo walipewa wastaafu wafungue kliniki yao. Wakamchagua Lorene awe msimamizi.

Delmar hajapona. Mwenyewe anasema kuna wiki mbaya. Ila kila Alhamisi huja, akakaa karibu na dirisha na Kapteni Bickel, na mara nyingi hawasemi kitu. Juzi nilimsikia Kapteni akiuliza, "Ulilala?"

"Kidogo."

"Si haba, ndugu yangu."

Mimi nilibakizwa kazini kutokana na uzoefu wangu mkubwa. Cheo changu kipya ni Mkurugenzi wa Mlango. Majukumu yangu ni kuufungua. Jana alikuja mzee mmoja, nami nikamuuliza, kwa kuzingatia taratibu, ana uthibitisho gani kwamba ana huzuni.

Sauti ya Lorene ilitokea jikoni. "We! Mwambie karibu, mpe kahawa, halafu funga huo mdomo!"

Maelekezo yamepokelewa na yanatekelezwa.