Kichwa cha Eliana na Kamba Yangu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Naandika wazi ili wajukuu wasije wakabishana: mimi, Enock wa Kiomboi, ndiye mtu anayeijua besiboli kuliko wote kuanzia hapa mpaka Dar es Salaam, na hao wa Dar es Salaam nina wasiwasi nao. Niliwahi kuitazama huko huko Dar, siku nzima. Karibu siku nzima. Mvua ilinyesha.

Leo dada yangu Theodora kaja na habari. Binti yake Eliana, darasa la sita, kachaguliwa kupiga mpira kwa gongo katika mechi ya besiboli Jumamosi ijayo dhidi ya watoto wa Kinampanda. Ila Mwalimu Febronia kasema helmeti ndogo ya shule ina ufa, na yenye ufa haivaliwi hata dakika moja. Zilizobaki ni za vichwa vikubwa. Bila helmeti inayomkaa, Eliana atashinda benchi. Mtoto kafanya mazoezi tangu Machi! Gongo limemtoa sugu viganjani.

Calist, baba yake mdogo, fundi baiskeli, mtu wa maneno matatu kwa siku, akaanza kusema labda yeye... Nikamkatiza. Nikasema hili ni la mjomba. Mjomba ni mmoja, baba wadogo wamejaa! Akaendelea na uji wake. Kushindwa kwake kulionekana.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nimempima Eliana kichwa. Kitaalamu kabisa. Kamba ya kufungia gunia, nikaizungusha juu ya masikio, juu ya zile rasta nene alizosukwa za likizo, nikapiga fundo. Kamba kapewa kondakta wa basi la Singida, pamoja na jogoo wangu wa malipo, ampelekee Mazengo anayeuza mitumba ya michezo, achague helmeti ya kipimo hicho.

Calist kauliza kwa nini nisimpeleke mtoto mwenyewe akajaribu. Nikamuuliza: wewe ukienda kununua kufuli, unabeba mlango? Watu wakacheka mpaka Theodora akapaliwa. Ushindi.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Imefika! Rangi ya bluu. Inafunika masikio yote mawili. Haina ufa, nimeikagua juani. Sponji ya ndani imeshika. Ikamkaa Eliana barabara. Katikisa kichwa, haikusogea hata kidogo. Nimempitisha nayo dukani, mashineni na kwa mchungaji. Mchungaji kasema ni nzuri, kisha kaomba tumwache ale.

Calist kaigonga kwa kidole, kakubali ni nzuri. Kisha eti: lakini kesho shule zinafunguliwa. Nikamwambia hilo hata mbuzi wangu wanalijua.

Jumanne, 8 Julai

Mbuzi walijua. Mimi sikujua.

Jana jioni Theodora kachukua mkasi. Shule inataka nywele fupi, wasichana wote, kila wakifungua, tangu enzi zetu! Nimeishi miaka hamsini na mbili katika nchi hii. Asubuhi Eliana kapita na kichwa kidogo kama yai la kanga. Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikamvisha helmeti, ikashuka mpaka kidevuni. Ndani ikasikika sauti inasema mjomba, sioni.

Nimemwambia Theodora zote hupwaya kidogo siku ya pili.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata dawa. Nimekata kipande cha godoro langu, nikajaza ndani ya helmeti. Godoro sasa lina shimo pale nyonga inapolala, lakini mjomba ni mjomba.

Majaribio: nikaivaa mwenyewe, nikamwita jirani yangu Magreth, muuza vitunguu, anirushie bidhaa yake. Magreth ana kinyongo na mbuzi wangu. Karusha nusu debe, kwa moyo wote. Sikusikia maumivu! Kauliza kama tunaweza kurudia bila helmeti. Nimekataa kwa heshima.

Usalama: asilimia mia.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu Febronia kasema kitunguu si mpira. Kanipa mpira niushike. Mgumu! Siku ile Dar sikuwahi kuushika. Kamwambia Eliana atikise kichwa. Kichwa kikaenda kushoto, helmeti ikabaki palepale, mtoto akawa anachungulia kwenye tundu la sikio. Mwalimu kasema helmeti lazima ishike kichwa yenyewe, si kwa godoro la mtu, na isimzibe macho. Kaandika jina la Eliana kwenye orodha ya benchi.

Eliana hakulia. Kasema asante mjomba kwa kuhangaika. Heri angelia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamka na mpango mkubwa. Kama helmeti imegoma kupungua, kichwa kiongezwe! Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, nimevaa koti, kuomba kibali Eliana asukwe rasta kwa siku moja, kwa sababu za kiusalama. Kaniangalia. Kauliza kama nyumbani wote wazima. Kisha kanieleza kwamba Eliana hayupo; kaombewa ruhusa, kapanda basi la asubuhi kwenda Singida na baba yake mdogo.

Kwa Mazengo! Kubadilisha helmeti! Mimi nilituma kamba, Calist kapeleka kichwa.

Wamerudi saa kumi, na helmeti nyekundu. Imemkaa kama ngozi. Calist hakunicheka. Huyu mtu ana roho mbaya sana.

Jumamosi, 12 Julai

Mwalimu anasema tumeshindwa kwa pointi moja. Namwamini, maana mimi sikuelewa walivyohesabu.

Zamu ya Eliana ilipofika, mrushaji wa Kinampanda, msichana mwenye mikono kama mwiko wa ugali wa msibani, mpira ukamponyoka. Ukampata Eliana juu ya sikio. Helmeti ikalia ko! Mwalimu kakimbia, kamuuliza jina, kamuuliza leo siku gani. Kajibu yote, kacheka. Kwa kuwa kagongwa, wakampa bure beisi ya kwanza, kile kituo cha kukimbilia, kaiendea anarukaruka. Calist alikuwa kakaa chini kwenye majani, kafunika uso. Nikakaa karibu yake.

Jioni kinyozi kaniuliza nani kaichagua ile helmeti. Nimesema utaalamu ni wangu, Calist kasafiri tu. Pia timu haina viatu, na nimejitolea kuwaagizia wote. Nimepima mguu wa Eliana. Wengine nitawakadiria kwa macho.

Jambo moja tu. Watu wanauliza ni mama gani aliyepiga ukunga mpira ulipomgonga mtoto, ule wa mama yangu weee uliosikika mpaka hospitali. Nimewaambia ni Theodora. Theodora alikuwa kaenda kununua karanga. Ni mimi.