Mwaka Ambao Hakuna Ndege Iliyochelewa

Mamlaka ya Anga iliutangazia umma, kwa furaha kuu, kwamba mwaka huo hakuna ndege itakayochelewa. Na kweli haikuchelewa hata moja. Kwa waraka wa Mkurugenzi Mkuu, ndege ikishafungwa mlango imeondoka, na ikishaondoka itafika kwa saa iliyo kwenye ratiba, itake isitake.

Aliyeandika Kitabu cha Matukio Makubwa ya Mwaka alikuwa karani wa kumbukumbu, mama wa makamo mwenye mwandiko safi, aliyeketi dirishani akiuona uwanja wote. Mwezi wa tatu aliandika kwamba ndege ya asubuhi imefika salama, huku akiitazama pale chini, injini imefunikwa turubai. Mwezi wa sita aliandika safari iliyotimia bila rubani. Rubani alikuwa kwao, jino linamuuma.

Mwezi wa nane mjomba wake alipanda ofisini, suti imemkunjamana. Alikuwa amekaa ndani ya ndege isiyoruka kwa muda wa saa tisa, akienda kumzika swahiba wake aliyemsimamia ndoa. Wamezika bila yeye.

"Mwanangu, nipeni barua tu," alisema. "Wafiwa wajue sikuwadharau."

Karani alifungua kitabu. "Mjomba, hapa umefika saa nne na dakika kumi."

"Nimefika wapi?"

"Kulekule. Mapema kabisa."

Mzee alivua miwani, akaifuta. "Basi watasema nilifika nikawakwepa."

Karani alifunga kitabu. Chai yake ilipoa mezani.

Mwezi wa kumi na mbili Mkurugenzi alialikwa nchi jirani kupokea tuzo ya kutochelewa. Aliingia na wapambe wake, mlango ukafungwa, ndege ikabaki palepale. Tairi halikuwa na upepo. Saa tatu baadaye simu ya karani ililia.

"Mama, leteni ngazi tushuke. Humu tunaiva."

"Mkuu, ngazi haipelekwi kwa ndege iliyoondoka. Waraka unakataza."

"Waraka nimeuandika mimi."

"Na umeuandika vizuri sana. Ila kwa sasa wewe uko kule. Umefika saa sita kamili."

"Mama, nakuona hapo dirishani."

"Hata mimi nakuona, Mkuu. Lakini macho yetu si kumbukumbu rasmi."

Karani alipokata tu simu, ikalia tena. Safari hii alikuwa Waziri, aliyetangulia kwenye ukumbi wa tuzo na sasa anatazamana na kiti kitupu mbele ya wageni.

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Amefika huko saa sita, Mheshimiwa."

"Mbona hatumwoni?"

"Hilo kitabuni halimo."

Tuzo walipewa watu wa reli. Waziri, uso umemshuka, alimfukuza kazi papo hapo Mkurugenzi kwa kufika safarini akajificha, akateua Mkurugenzi mwingine.

Ngazi ililetwa jioni. Mkurugenzi alishuka, koti mkononi, shati limemganda mgongoni, akauliza gari lake.

Mlinzi alimjibu kwa heshima zote kwamba gari limeshampeleka Mkurugenzi nyumbani.